Kuacha kununua ili wakubwa wasikie: jibu kwa mama wa soko la Njanja

Swali: "Papa Prof, jambo. Mimi ninauza samaki wa chumvi na mafuta katika soko la Njanja, hapa Lubumbashi. Kila wakitangaza ville morte, siku ya kufunga mji wote kwa kupinga wakubwa, sisi tunaokula kile tulichouza leo ndio tunaolala njaa, na wakubwa hata hawajui kama tulifunga. Binti yangu anayesoma Unilu, chuo kikuu chetu, anasema tusifunge, bali tuache kununua. Tuache bia na mega za intaneti mpaka watengeneze umeme, wapunguze ushuru wa soko na wakomeshe majambazi wa usiku. Katika likelemba yetu, kikundi chetu cha kuchangiana pesa kwa zamu, wengine wamefurahi, wengine wanacheka. Je, mtu wa kawaida akiacha kununua, siasa inaweza kubadilika? Au tutajichosha bure?"

Mama, jambo. Jibu fupi ni ndiyo: watu wa kawaida wameshabadilisha siasa kwa kuacha kununua, tena watu wenye pesa kidogo kuliko nyinyi. Lakini mpango wa binti yako, jinsi ulivyouandika, utakwama. Bia inasusika vizuri tu. Kasoro iko kwenye madai: mambo matatu mnayodai yameshikwa na watu watatu mbalimbali, na sioni hata mmoja wao atakayekosa usingizi kwa sababu chupa yenu imebaki kwenye friji ya nganda, yaani baa. Nitaeleza polepole, maana ndani ya wazo la binti yako kuna kitu ambacho sitaki mkitupe.

Kwanza ville morte, ambayo naona umeichoka. Msiidharau. Bukavu, wakati wa utawala wa waasi wa RCD, wakaaji walifunga mji wiki nzima kuanzia mwisho wa Januari 2000. Siku chache baadaye Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko, ambaye ujumbe wake wa Noeli ulikuwa umewakera watawala, akapelekwa uhamishoni Butembo. Goma, tarehe 16 Februari 2016, vijana 6 wa LUCHA, kundi la wanaharakati, walikamatwa alfajiri wakitayarisha ville morte. Wakahukumiwa miaka 2, rufani ikapunguza hadi miezi 6. Hakuna utawala unaofunga watu kwa sababu ya jambo lisiloukera. Ila ville morte inauma uso tu. Inaonyesha dunia kwamba mji umekataa, na hapo kazi yake imekwisha. Hailengi mfuko wa mtu yeyote kwa jina, na ndiyo maana mfuko wa kwanza kutoboka ni wa mama anayenunua unga kwa meka, kipimo kidogo, siku kwa siku. Mkubwa mwenye magunia nyumbani anaweza kungoja. Wewe huwezi.

Kususia bidhaa kunabadilisha nani anangoja. Meza yako inabaki wazi, samaki wako wanauzwa, na kinachokatika ni pesa iliyokuwa inakwenda kwa mtu mmoja mliyemchagua.

Mji wetu una historia ndefu ya kukataa, lakini zamani tulikataa kwa mikono. Desemba 1941 wafanyakazi wa kampuni ya migodi ya Union Minière waliacha kazi wakidai mishahara, na tarehe 9 wanajeshi wakawapiga risasi kwenye uwanja wa mpira, hapa hapa, wakati mji ukiitwa Élisabethville. Jiulize kwa nini waligoma kazi badala ya kugoma dukani. Kampuni ilikuwa inawapa nyumba, hospitali, shule ya watoto na posho ya chakula. Mtu wa posho hachagui anunue nini wala kwa nani; nguvu aliyo nayo ni jasho lake. Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi migodi hiyo, ikaendeleza mtindo huo mpaka ilipoporomoka katika miaka ya 1990, na kuanzia 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakatolewa kwa malipo ya mkupuo katika mpango ulioungwa mkono na Benki ya Dunia. Wakawa nini? Wauzaji na wanunuzi. Nyingi ya meza unazoziona Njanja, soko la komini yetu ya Kenya na soko la Mzee Kabila zilizaliwa na anguko hilo. Mji ulioweza kutisha kwa kuacha kazi umebaki na matumizi madogo madogo ya watu wengi mno. Binti yako ameiona nguvu hiyo, na hapo nampa alama zote.

Sasa sehemu ngumu. Watu wanaposema "tukiacha kununua, serikali itakosa pesa," wanafikiria nchi nyingine. Kuna serikali zinazoishi kwa kile raia anachonunua. Durban, Afrika Kusini, manispaa ilichukua ukiritimba wa kuwauzia Waafrika bia tangu 1909, na faida ya vilabu vile ndiyo iliyolipia gharama za kuwatawala Waafrika wenyewe. Mnywaji alikuwa anamlipa askari wake. Mwaka 1929 vilabu vikasusiwa. Juni 1959 wanawake wa Cato Manor, waliochoka na polisi kuwamwagia pombe waliyopika nyumbani ili waume zao wakanywe ya manispaa, waliingia vilabuni na fimbo wakawatoa wanaume nje. Pale njia kutoka kwenye chupa hadi ofisini ilikuwa fupi.

Yetu ni ndefu na imepinda. Serikali ya Kongo inakula shaba na kobalti. Karibu asilimia 70 ya kobalti ya dunia inachimbwa katika nchi hii, na sijawahi kumwona mtu wa komini ya Katuba akinunua kobalti sokoni. Ni kweli, bia, sigara na mawasiliano vina ushuru wake maalumu unaokusanywa na DGDA, idara ya forodha. Lakini upungufu wa wiki chache katika mji mmoja, Kinshasa hawatauona hata kwenye karatasi. Basi nani atauona? Mwenye depo kubwa ya bia. Msambazaji. Mwenye nganda iliyokuwa inajaa Ijumaa. Hao hawatawali, lakini wanatawaliwa kwa namna tofauti na nyinyi: wana namba ya simu ya meya, wana viti katika FEC, shirikisho la wafanyabiashara, na wakiomba kuonana na gavana hawangojeshwi mlangoni mpaka jioni. Katika nchi kama yetu, kususia hakumpigi mtawala. Kunampiga mtu ambaye mtawala anamsikiliza, mpaka huyo mtu achukue madai yenu na kuyapeleka mwenyewe, akipenda asipende.

Mfano unaofundisha zaidi ni Port Elizabeth, Afrika Kusini. Julai 1985 wakaaji weusi waliacha kununua kwenye maduka ya Wazungu. Aliyewasemea ni Mkhuseli Jack, kijana ambaye hakuwa amefika miaka 30. Walitaka wanajeshi watoke mitaani kwao, huduma za mji zifunguliwe kwa watu wote, na waliokamatwa waachiwe. Serikali ikatangaza hali ya hatari siku chache baadaye na kuwatia ndani viongozi. Haikusaidia, kwa kuwa hakuna sheria inayomlazimisha mtu kununua viatu. Mwenye duka hakuwa na uwezo wa kuondoa hata mwanajeshi mmoja, lakini alikuwa mpiga kura wa utawala ule ule, na biashara yake ilikuwa inakufa mbele ya macho yake. Mwishowe wafanyabiashara wenyewe ndio waliokwenda kwa wakubwa kuomba viongozi waachiwe, ili wapate mtu wa kuzungumza naye. Waliachiwa kabla ya Noeli, na mgomo ukasimamishwa hadi mwisho wa Machi 1986 ili serikali itimize yaliyobaki. Angalia neno hilo, mama: ukasimamishwa. Hawakusema "mpaka tushinde." Walitoa tarehe. Watu wanavumilia jambo lenye mwisho unaojulikana, na mpinzani anaogopa jambo linaloweza kuanza tena.

Turudi sasa kwenye madai yenu matatu.

Umeme ni wa SNEL, shirika la serikali, na maamuzi yake makubwa hayafanyiki Lubumbashi. Migodi inachukua sehemu kubwa ya umeme wa Katanga, nanyi mnagawana delestaji, kukatiwa umeme kwa zamu. Mwenye nganda naye anawasha jenereta kama wewe. Hana la kuwafanyia hapo.

Ushuru wa soko uko karibu zaidi, lakini hauhusiani na bia hata kidogo. Dai hilo linataka ujumbe wa wauzaji kwenda komini na risiti mkononi: nani anachukua, kiasi gani, kwa karatasi gani. Kukataa kulipa ni jambo lingine kabisa, na lina sheria zake. Msilichanganye na hili.

Linabaki la majambazi wa usiku, na hapa nadhani mmegusa dhahabu bila kujua. Bia inanyweka jioni. Mwenye nganda na mwenye depo wanataka watu warudi nyumbani salama kuliko mtu mwingine yeyote mjini, kwa sababu mteja anayeogopa giza haagizi chupa ya pili. Shida yao na yenu ni moja, ila wao bado hawajapata sababu ya kuisemea. Wapeni sababu. Mkisema "kuanzia tarehe fulani hatunywi wala hatununui bia jioni, kwa wiki nne, mpaka kuwe na doria na taa kwenye barabara hii na ile," mmefanya vitu viwili pamoja: mmeonyesha biashara inavyokuwa mji unapoogopa usiku, na mmemtuma mtu anayeweza kuingia kwa meya. Tajeni barabara kwa majina. "Usalama" ni neno la kampeni ya uchaguzi, na mkubwa akilijibu kwa hotuba atasema amewajibu. Taa kwenye njia ya kutoka sokoni hadi mtaani kwenu inawaka au haiwaki.

Mega ningewashauri muitoe kwenye mpango. Kwanza mtaihitaji, hii likelemba yenu bila shaka inapangwa kwa WhatsApp. Pili, kumbuka kodi ya simu iliyoitwa RAM, iliyoanza Septemba 2020: dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo, dola 7 kwa simu ya 3G au 4G, ikikatwa moja kwa moja kwenye unite, salio la simu. Nchi nzima ililia, wabunge wakamwita waziri, na mwaka 2022 ikaondolewa. Ilishindwa kwa kelele na kwa aibu ya hadharani. Kuisusia kungekuwa kuzima simu, na simu ndiyo duka la watu wengi sasa, na benki yao pia. Kitu ambacho huwezi kukaa bila hicho mwezi mzima hakisusiki, hata kama mwenye nacho anastahili. Ndiyo maana pia hakuna mwenye akili atakayewaambia msusie unga. Bei ya gunia inapopanda, hasira ni kubwa, lakini bukari, ugali wetu, haina mbadala mezani.

Neno mbadala linanipeleka kwenye kazi ambayo watu wengi hawapendi kuifanya. Montgomery, Alabama, Marekani, watu weusi waliacha kupanda mabasi tarehe 5 Desemba 1955, na hawakuyapanda kwa siku 381. Jina la Rosa Parks, mama aliyekamatwa kwa kukataa kumpisha Mzungu kiti ndani ya basi, mmelisikia. Mimi napenda pia jina la Jo Ann Robinson, mwalimu wa chuo, aliyekesha usiku akichapa makaratasi ya kutangaza mgomo kwa maelfu. Hata hivyo makaratasi hayambebi mtu kwenda kazini. Kilichowaweka miezi yote ile ni magari ya watu binafsi, karibu 300, yenye vituo na ratiba, na makanisa yaliyotoa pesa za mafuta. Tena, ukweli usifichwe: manispaa haikukubali mpaka mahakama kuu ya nchi ilipoamua kwamba ubaguzi ndani ya mabasi ni kinyume cha katiba. Mgomo uliweka watu pamoja na kuitia hasara kampuni ya mabasi huku mawakili wakifanya kazi yao. Alexandra, karibu na Johannesburg, mwaka 1957, nauli ilipopanda kutoka peni 4 hadi 5, watu walitembea kwa miguu kilomita kama 15 kwenda kazini na nyingine kama hizo kurudi, kwa miezi kadhaa. Nauli ikabaki peni 4, na waajiri ndio waliolazimishwa na sheria kufidia tofauti.

Kwenu mbadala ni rahisi zaidi, lakini una mtego. Mkiacha bia na watu wakahamia lutuku, pombe kali ya kienyeji, mtakuwa mmewaumiza wenzenu bila kumsumbua mtu yeyote mwenye simu ya meya. Munkoyo, kinywaji cha mahindi, ingefaa zaidi. Inapikwa na akina mama, inauzwa na akina mama, na pesa yake inabaki mtaani. Pangeni mapema nani atapika, atauzia wapi, na nani ataangalia usafi wa maji, kwa sababu mtu mmoja akiharisha wiki ya kwanza, habari hiyo itakimbia kuliko madai yenu.

Halafu kuna wanaoumia bila kosa, nao ningependa binti yako awafikirie usiku mmoja kamili kabla ya kutangaza kitu. Moroko, Aprili 2018, wananchi walianza kususia bidhaa tatu kwa mpigo: maji ya Sidi Ali, vituo vya mafuta vya Afriquia na maziwa ya Centrale Danone. Hakukuwa na chama wala kiongozi aliyejulikana. Ilienea kwa simu. Ilifanikiwa kiasi kwamba mkuu wa Danone, Emmanuel Faber, alisafiri kutoka Ufaransa kwenda kusikiliza watu, na kampuni ikaahidi kushusha bei. Lakini kabla ya hapo ilikuwa imepunguza maziwa inayonunua kwa wafugaji na kuwaachisha vibarua 886. Na mwenye Afriquia, Aziz Akhannouch, tajiri aliyekuwa pia waziri na aliyelengwa kwa jina? Mwaka 2021 akawa mkuu wa serikali. Bei ilisikia, siasa haikusikia, na mfugaji mwenye ng'ombe wawili alilipa sehemu ya gharama.

Jambo jingine, na hapa nitasema kwa ukali. Ikitokea siku mtu katika kikao chenu akasema, "Na tusinunue kwa fulani, wale si wa hapa," mtoeni nje au vunjeni kikao. Uganda, mwaka 1959, chama cha Uganda National Movement, kikiongozwa na Augustine Kamya, kilisusia maduka ya watu wasio Waafrika katika Buganda. Kilianza kama siasa ya kupinga ukoloni, kikaingia vitisho na uchomaji, na wenye maduka wa Kiasia vijijini wakakimbia. Hatuna haja ya kwenda Kampala kujifunza hilo. Mwaka 1992 na 1993, mkoa huu ukiitwa Shaba, Wakasai, watu wenye asili ya Kasai, kwa mamia ya maelfu walifukuzwa makwao, wakalala na watoto kwenye stesheni ya Likasi wakingoja treni. Maneno ya mwanzo yalikuwa ya kazi, ya vyeo, ya nani anachukua nafasi ya nani. Kususia kunamlenga mtu kwa anachofanya na kwa anachoweza kubadilisha kesho. Mtu hawezi kubadilisha alikozaliwa baba yake.

Hivyo hivyo msiwape vijana kazi ya kulinda mgomo mitaani. Afrika Kusini, katika baadhi ya mitaa, waliokutwa na mifuko ya dukani walilazimishwa kunywa mafuta ya kupikia au kula sabuni. Mama aliyelishwa sabuni na watu wa upande wake hatakuja kwenye mkutano ujao, na ana haki. Mwenzenu akionekana na bia, mwacheni anywe. Mgomo wa kweli unahimili wanaoukataa, maana unahesabu kreti zilizobaki depo, hauhesabu wasaliti.

Kuhusu sheria: hakuna anayeomba ruhusa ili asinunue. Mkikusanyika barabarani, ndipo kifungu cha 26 cha Katiba ya 2006 kinapoingia. Uhuru wa kuandamana unalindwa, lakini waandaaji wanapaswa kuiarifu mamlaka husika kwa maandishi. Andikeni barua, mwombe mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu, mkaiweke nakala hiyo kwa zaidi ya mtu mmoja. Madai yenu pia yawe kwenye karatasi, yakitaja watu watatu au wanne wa kuzungumza nao, ili yule mwenye depo akichoka ajue aende kwa nani.

Na mwanasiasa akija na kofia na fulana kusema anawaunga mkono, mshukuruni, mumpe kiti cha nyuma. Nchini Kenya, Novemba 2017, muungano wa upinzani wa NASA uliwataka wafuasi wake wasusie Safaricom, maziwa ya Brookside na bidhaa za Bidco. Machi 2018 Raila Odinga wa upinzani na Rais Uhuru Kenyatta wakashikana mikono, na waliokuwa wamebadilisha laini na maziwa wakabaki wakijiuliza walikuwa wanadai nini hasa. Mgomo ulioitwa kutoka juu unafungwa kutoka juu.

Kabla ya kutangaza tarehe, fanyeni hesabu moja ya nyumbani. Kila mmoja wa likelemba aandike kwa wiki mbili nyumba yake imetumia franka ngapi kwa bia, na imenunuliwa wapi. Mkijumlisha mtajua kama mnamgusa mwenye depo au mnamkuna tu, na mtajua ni depo ipi. Ikiwa jumla ni ndogo, ongezeni watu kwanza: parokia, wauzaji wa soko la Kenya, madereva wa taxi-bus ambao majambazi wanawasumbua kama nyinyi. Na ikiwa kati yenu kuna mama anayeuza bia, nadhani yupo, katika kila likelemba yupo, mwende kwake kabla ya mtu mwingine yeyote. Mwulizeni wiki nne hizo atauza nini, likelemba imtangulizie zamu yake ili apate mtaji wa munkoyo au wa kitu kingine, na mtangaze tarehe baada ya yeye kukubali.